Andika Tu Mama wa Nyumbani

Mwanamke amefika mapokezi ya hospitali, uchungu umeshamshika. Karani ana penseli mkononi na anamuuliza kwa adabu: jina? Mwanamke analitafuta jina lake kichwani, analipata, analitaja. Umri? Jinsia? (Hilo nalo linaulizwa, tumbo likiwa limetangulia mbele.) Kazi? Anajibu kwamba yeye ni mwandishi. Karani anasema: mama wa nyumbani. Anarudia kwamba ni mwandishi. Karani anaumaliza ubishi kwa kusema kwamba ataandika tu mama wa nyumbani.

Kisa hicho kimo katika Life Among the Savages, kitabu cha mwaka 1953 cha Mmarekani Shirley Jackson. Jina lake maana yake ni maisha miongoni mwa washenzi, na washenzi wenyewe ni wanawe. Nakala yangu niliinunua kwa muuza vitabu vya mitumba aliyekuwa ametandika turubai chini ya mti. Jalada lilikuwa limechanika, na ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina la mtu nisiyemjua. Nilipofika kwenye ukurasa wa karani nilicheka hadi abiria wa pembeni kwenye daladala akanigeukia. Kisha nikaacha kucheka, maana kisa kile nilikuwa nakifahamu. Mimba yangu ya kwanza, muuguzi aliyenijazia kadi ya kliniki aliniuliza, “Kazi yako, mama?” Nikasema mwandishi. “Wa habari?” Nikasema hapana, wa vitabu. Akanitazama kwa huruma, akainama, akaandika. Nilipofika nyumbani nikaifungua kadi: M/nyumbani.

Sikurudi kudai masahihisho. Nilimsimulia mume wangu jioni, nikaigiza sauti ya muuguzi, tukacheka sana. Ni baada ya kumsoma Jackson ndipo nilipoanza kujiuliza kicheko kile kilikuwa cha kazi gani.

Ukifuatilia tarehe, mzaha wa karani unazidi kuwa mchungu. Mtoto aliyekuwa akienda kuzaliwa ni wa tatu katika wanne wa Jackson, naye alizaliwa mwaka 1948. Miezi michache kabla ya hapo, katika toleo la tarehe 26 Juni 1948, jarida la The New Yorker lilikuwa limechapisha hadithi yake fupi “The Lottery”, yaani bahati nasibu. Zikamiminika barua. Yeye mwenyewe alihesabu zaidi ya 300 kiangazi hicho, na akasema ni 13 tu zilizozungumza naye kwa wema, nyingi zikiwa za marafiki. Waliobaki walishangaa, au walibuni maana, au walitukana. Wengine walitaka kujua bahati nasibu hizo huchezwa mji gani, na kama wageni wanaruhusiwa kwenda kutazama. Mama yake mzazi naye aliandika, kumwambia kwamba yeye na baba yake hawakuipenda kabisa. Kwa hiyo yule aliyesimama mbele ya karani alikuwa mmoja wa waandishi waliokuwa wakizungumzwa zaidi Marekani mwaka ule.

Kwa asiyeisoma hadithi hiyo, nitaieleza kwa ufupi, ingawa ninamharibia. Ni asubuhi ya tarehe 27 Juni, jua zuri, katika kijiji kidogo. Wanaume wanazungumza habari za trekta na kodi. Wanawake wanakuja nyuma yao na magauni yao ya kushindia nyumbani yaliyopauka. Kila mwaka kijiji huchezesha bahati nasibu, na kila kaya lazima ichukue karatasi kutoka kwenye sanduku jeusi. Mama mmoja, Tessie Hutchinson, anafika amechelewa, akijifuta mikono kwenye aproni. Alikuwa akiosha vyombo, siku ikamtoka akilini. Anatania kwamba wasingetaka aviache vyombo kwenye sinki. Watu wanacheka, wanampisha apite hadi alipo mumewe.

Dakika chache baadaye karatasi yenye alama inaiangukia kaya ya Hutchinson, kisha inamwangukia Tessie mwenyewe. Wanakijiji wanaokota mawe. Jirani yake, Bi Delacroix, aliyekuwa akicheka naye sasa hivi, anachagua jiwe kubwa la kubebwa kwa mikono miwili. Mtoto wa mwisho wa Tessie, kijana mdogo kabisa, anawekewa vijiwe kiganjani.

Wahakiki wameandika mengi juu ya mila, umati na vita vilivyokuwa vimetoka kwisha. Mimi nilinaswa na jambo dogo la katikati. Kanuni ya mchezo ni ya kaya. Baba ndiye anayechota karatasi kwa niaba ya watu wake. Tessie anapoona nyumba yake imepatikana, anapiga kelele kwamba binti yake na mkwewe nao waingizwe, ili watu wa kugawana hatari waongezeke. Anakumbushwa kwa upole kwamba binti aliyeolewa huhesabiwa kwa mumewe, na kwamba hilo yeye mwenyewe analijua. Hapo hakuna jini wala kaburi. Kuna mama anayemsukuma mwanawe mbele ya mawe, na kuna sheria ya kawaida kabisa ya ndoa ambayo kila mmoja wetu angeweza kuieleza bila kufikiri. Muungano wa Afrika Kusini uliipiga marufuku hadithi hiyo. Baada ya Jackson kufa, mumewe aliandika kwamba mkewe alijivunia marufuku hiyo, kwa kuwa aliona wale angalau walikuwa wameielewa.

Baadaye Jackson alitoa mhadhara kueleza jinsi hadithi ilivyozaliwa. Alisema ilikuwa asubuhi ya Juni, alikuwa akisukuma kigari cha mtoto kupanda mlima, humo mkiwa na binti yake, barua na mahitaji ya siku. Alipofika nyumbani alimtia mtoto katika kizimba chake cha kuchezea, akaweka mboga kwenye friji, akakaa, akaandika. Waliochunguza maisha yake wameonyesha kwamba tarehe hazilingani, kwamba hadithi iliandikwa mapema zaidi. Mimi sioni uongo wa kumlaumia hapo. Ninachokiona ni kwamba hata hadithi yake ya kutisha kuliko zote aliisimulia kwa mtindo wa visa vyake vya magazeti ya akina mama: mtoto, mlima, mboga za friji, na lo! watu wamepigwa mawe.

Magazeti hayo ndiyo yaliyoijaza friji. Jackson na mumewe, Stanley Edgar Hyman, walikutana chuoni Syracuse, wakaoana mwaka 1940 na kuhamia North Bennington, Vermont, mwaka 1945. Hyman alikuwa mhakiki mwenye elimu kubwa, aliandikia The New Yorker na kufundisha katika chuo cha Bennington. Heshima alikuwa nayo. Fedha ya kulisha watoto wanne, na kulipia nyumba kubwa iliyojaa maelfu ya vitabu, kwa sehemu kubwa ilitoka kwenye taipureta ya mkewe. Good Housekeeping, Woman's Day na Woman's Home Companion walilipa vizuri kwa kisa cha kuchekesha cha mtoto aliyepoteza kiatu. Baadhi ya visa hivyo ndivyo vilivyounganishwa kuwa kile kitabu cha 1953 na ndugu yake wa 1957, Raising Demons, yaani kulea mashetani. Ona majina hayo. Mwandishi wa mizimu hakuwa amejificha popote.

Kwa miaka mingi, hata hivyo, wasomaji wake waligawanyika. Wapenzi wa fasihi walimchukua Jackson wa bahati nasibu na wa The Haunting of Hill House, riwaya ya mwaka 1959 ya nyumba inayommeza mwanamke aliyekosa pa kwenda. Akina mama walimchukua Jackson wa viatu vilivyopotea. Mimi pia nilimgawa hivyo. Nilidhani vile vitabu viwili vya watoto ni kibarua, kitu alichofanya ili apate kuandika kazi yenyewe.

Kilichonibadilisha ni “Charles”. Ni kisa cha kurasa chache tu. Mtoto wa kiume anaanza chekechea, na kila siku anarudi na habari za mwenzake Charles: leo kampiga mwalimu, kesho kamfundisha msichana neno chafu. Wazazi wanamngojea Charles kama watu wanaongoja tamthilia. Mama anakwenda kwenye mkutano wa wazazi na walimu akiwa na hamu ya kumwona mama wa huyo mtukutu, na mwalimu anamwambia kwamba darasani hakuna mtoto aitwaye Charles. Hapo msomaji anacheka, maana ameshaelewa, na mama naye ndiyo kwanza anaanza kuelewa.

Kisa hicho kilitoka katika Mademoiselle la Julai 1948, wiki chache tu baada ya “The Lottery”. Kwa hiyo kiangazi kimoja, mwanamke mmoja mwenye mimba alitoa hadithi mbili. Katika moja mama anagundua kwamba mtoto mtamu anayekula chakula mezani pake ni mtu asiyemjua. Katika nyingine mtoto mtamu anapewa vijiwe amtupie mama yake. Nimezisoma zote mbili kwa kufuatana mara nyingi, na sasa siwezi tena kuzitenganisha. “Charles” ni hadithi ileile, ila mwandishi amesimamisha mkono kabla jiwe halijarushwa, akatupa nafasi ya kucheka.

Tangu hapo visa vyake vyote vya nyumbani nikavisoma nikitafuta mahali mkono uliposimama. Kuna kimoja cha usiku ambao familia nzima ilishikwa na mafua makali. Kinaanza kwa kuorodhesha vitanda vya nyumba, nani analala wapi, nani ana glasi ya nini, mbwa yuko wapi, kwa umakini wa askari anayeandika maelezo ya tukio. Kisha watu wanaanza kuhama. Huyu anakuja kitandani kwa yule, yule anaondoka na mto wake, glasi zinabadilishana meza, na kukikucha kila mtu yuko mahali pasipo pake na blanketi moja limetoweka. Halikuonekana tena. Msomaji anaombwa asaidie kulitafuta. Ni kisa cha kuchekesha sana, na mama yeyote aliyewahi kukesha na watoto watatu wenye homa atakicheka kwa namna yake. Lakini hebu fikiri ni nani ndani ya nyumba ile aliyeweza kukisimulia. Ni mtu mmoja tu anayejua kila glasi ilikuwa na nini na ilihamia wapi, naye ni mgonjwa kama wengine. Hakuna mahali anaposema amechoka. Anatupa orodha tu.

Mume katika vitabu hivi hana jina. Ni “mume wangu”, mtu mpole asiye na madhara, mwenye gazeti na sarafu zake za kale. Hyman hakuwahi kuendesha gari, kwa hiyo mkewe alijifunza, na masomo yake ya udereva yakawa vichekesho kitabuni. Chuo cha Bennington wakati huo kilikuwa cha wasichana, kwa hiyo wanafunzi wa mumewe waliomsikiliza kwa macho ya kung'aa nao wakawa kichekesho: katika Raising Demons mna sura juu ya mke wa mwalimu, kiumbe anayesimama pembeni ya sherehe akiulizwa na wasichana wa miaka 19 kama hajawahi kutaka kufanya jambo fulani maishani. Kitabuni linaishia hapo. Nje ya kitabu Hyman alikuwa na mahusiano na wanawake wengine na hakujali sana kuficha. Ruth Franklin amelieleza kwa kirefu katika wasifu wa Jackson alioutoa mwaka 2016. Msomaji wa Good Housekeeping hakuwa na habari. Alicheka pale pale mwandishi alipomtaka acheke.

Hadithi fupi ambazo hakuziandikia watazamaji wa jikoni ndizo zinazomalizia mkono ule. Katika “Got a Letter from Jimmy” mume anakataa kufungua barua, mke anaosha vyombo na kuwaza, kwa utulivu kabisa, atakavyomuua na kumzika chini ya ngazi. Ni kurasa mbili hivi. Vyombo tena.

Mwaka 1963 Betty Friedan alichapisha The Feminine Mystique, kitabu kilichowasha moto wa harakati za wanawake Marekani, na humo akamtaja Jackson pamoja na waandishi wengine wa vichekesho vya nyumbani. Shtaka lake lilikuwa zito: wanawake hawa wana kazi yao, wana taaluma, lakini wanajifanya akina mama wa nyumbani wa kawaida, wanageuza mateso ya wenzao kuwa mzaha, na mzaha huo unamfanya msomaji arudi jikoni akiwa ametulia.

Nimebishana na Friedan kichwani muda mrefu kwa sababu amenigusa. Ana haki juu ya mapato ya kicheko. Mimi niliicheka ile kadi ya kliniki, na baada ya kucheka sikufanya chochote. Kadi imebaki ilivyo hadi leo. Lakini kumwambia Jackson kwamba alijifanya mama wa nyumbani ni kufanya tena kazi ya karani kwa penseli nyingine. Karani alimwambia hawezi kuwa mwandishi kwa kuwa anazaa. Friedan alikaribia kumwambia hawezi kuwa mama wa nyumbani kwa kuwa anaandika. Alikuwa vyote viwili, saa ileile, na kigari cha mtoto kinasukumwa kwa mikono ileile iliyopiga taipureta. Na ajabu ni kwamba Friedan aliandika shutuma hizo mwaka mmoja tu baada ya Jackson kutoa kitabu kinachojibu kila kitu.

Kitabu hicho ni We Have Always Lived in the Castle, cha mwaka 1962. Madada wawili wanaishi katika nyumba kubwa pamoja na ami yao mgonjwa. Miaka sita nyuma, jamaa wote wengine walikufa mezani, kwa aseniki iliyotiwa ndani ya bakuli la sukari, sukari waliyonyunyizia matunda. Dada mkubwa, Constance, ndiye aliyepika, na yeye hali sukari. Kabla polisi hawajafika aliliosha bakuli, akaeleza kwamba lilikuwa na buibui. Mdogo wake, Merricat, alikuwa na miaka 12 na usiku ule alikuwa ameadhibiwa, amepelekwa kulala bila chakula. Ukijumlisha unapata jibu, na mwandishi hakuzuii kujumlisha. Kinachochekesha, kwa namna ya kutisha, ni usafi wa nyumba ile. Wanafua mapazia. Wanang'arisha vyombo vya fedha. Constance anaoka, anapanga mitungi ya hifadhi ya matunda kwa rangi, anamlisha ami. Ni nyumba ambayo gazeti la akina mama lingeipiga picha. Kilichoondolewa ni baba mwenye amri na meza yake, basi, na maisha yanaendelea kwa raha. Jarida la Time lilikiweka miongoni mwa riwaya kumi bora za mwaka huo.

Lakini mapema zaidi jarida hilohilo lilikuwa limetoa picha yake pamoja na uhakiki, na mama yake akamwandikia barua. Hakuwa na la kusema juu ya kitabu. Alilalamikia picha: kwa nini anakubali kupigwa picha mbaya hivyo, kwa nini amejiachia. Jackson aliandika jibu la hasira, akimwambia mama yake kwamba ana umri wa kutosha kuishi anavyotaka na kwamba angependa shutuma hizo zikome. Hakulituma. Alituma jibu jingine, la adabu. Barua ile ya kwanza imebaki kwenye karatasi zake. Nikiisoma habari yake namwona tena Tessie akitania kuhusu vyombo ili umati umpishe.

Baada ya riwaya hiyo alishindwa kutoka nyumbani kwa miezi. Hofu ilimkamata mlangoni. Alikuwa akitumia dawa za kutuliza na za kuchangamsha alizoandikiwa na madaktari, kama walivyofanya wanawake wengi wa enzi ile, na mwili ulikuwa umechoka. Taratibu, kwa msaada wa tiba, alianza kutoka tena, na akaanza riwaya mpya. Tarehe 8 Agosti 1965 alipanda kulala kidogo mchana na hakuamka. Moyo ulisimama. Alikuwa na miaka 48.

Riwaya aliyoiacha njiani inaitwa Come Along with Me, na ndiyo ya kuchekesha kuliko riwaya zake zote. Inasimuliwa na mwanamke mnene wa makamo ambaye ametoka kumzika mumewe, Hughie. Hana simanzi. Ameuza nyumba, ameuza vitu, amepanda treni kwenda mji asioujua, na hajaamua bado jina lake jipya litakuwa nani. Akishuka anajichagulia: Bi Angela Motorman. Anapanga chumba, anaiba vitu vidogo madukani, anazungumza na wafu kwa malipo. Hakuna karani wa kumbishia kazi yake.

Aliyekusanya miswada ile, akaihariri na kuitoa kitabu mwaka 1968, ni mumewe. Najaribu kumwona Hyman mezani, mhakiki hodari wa kusoma katikati ya mistari, anafungua ukurasa wa kwanza, anakuta mume ameshazikwa, na mjane yuko stesheni na mzigo wake, anacheka.